Mitungi Minne kwa Kila Shangazi

Mama alipotangaza kwamba tutanunua gari, nilianza kumshuku kila mtu, nikianza na yeye mwenyewe.

Si kwamba mama ni mwongo. Mama hawezi kudanganya hata kidogo. Mtu wa kuuza vitabu vya dini akibisha mlangoni, watu wengine hunyamaza na kuzima redio. Mama hutoka na kusema, "Nipo, lakini sitaki." Ila ni muuguzi, na ana sauti yake ya sindano, ile ya kukwambia angalia dirishani. Jumapili hiyo, tukila chakula cha mchana, aliitumia.

Alisema amehamishwa. Anatoka hospitali ya hapa mjini Kisumu, anapelekwa kituo cha afya kilicho mbele ya Muhoroni, pale mashamba ya miwa yanapoishia na mlima kuanza. Anatakiwa kuripoti wiki ile ile shule zinapofunguliwa.

"Kwa hivyo kuna njia mbili," akasema. "Nipate gari dogo, niwe naenda na kurudi. Ama nipange chumba huko, na wewe uingie bweni."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akainua kidole kuelekea juu ya kabati, nami nikaona sanduku jipya la bati, jeusi, kufuli ikiwa tayari inaning'inia. Nilikuwa nimeishi na sanduku hilo siku tatu nikidhani ni la vitambaa.

Shule aliyoitaja sitaitaja. Niseme tu kwamba wanafunzi wake wakija mjini likizo, wanakula kama watu walioachiliwa. Mimi ni wa kutwa. Nina kiti changu karibu na dirisha, nina maadui wangu, nina sifa niliyoijenga tangu kidato cha kwanza ya kumwiga kila mwalimu mpaka mlinzi wa lango ananiamkia kwa makosa. Sifa kama hiyo haiingii kwenye sanduku la bati.

Basi gari likawa kesi yangu.

Mama alitaka yale magari mafupi, yaliyokatwa mkia, ambayo mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu kama kiboko anayepiga miayo. La mkono wa pili, ingawa ukiangalia viti vya hayo magari unahesabu mikono mingi zaidi ya miwili. Hapo hatukubishana. Tulibishana kuhusu injini.

Mjomba, ndugu mdogo wa mama, alifika jioni hiyo hiyo. Mjomba hana gari, lakini ana maoni ya mtu mwenye magari manne.

"Dada, chukua CC elfu moja mia tano," akasema. "Ile barabara ina matrekta ya miwa. Trekta moja, trela mbili, linatembea kama bibi harusi. Bila nguvu utalifuata mpaka Muhoroni."

"Nataka elfu moja," mama akasema.

"Elfu moja! Hiyo ni injini ya cherehani!"

"Elfu moja."

"Na matanga je? Watu wa marehemu shemeji wakikuita nyumbani Ijumaa, utawabeba kwa mapaja?"

Marehemu shemeji ni baba yangu. Alifariki nikiwa darasa la pili. Na hapa kwetu, mtu akinunua gari, hata kama ni la kupelekea mayai sokoni, ikifika Ijumaa gari si lake tena. Kuna mazishi mahali fulani, lazima yapo, na kuna shangazi, na shangazi ana shangazi mwenzake, na wote wana sufuria. Ndiyo maana watu wetu hawaulizi gari linakula mafuta kiasi gani. Wanauliza linabeba wangapi.

Mama alisikia neno matanga, uso wake ukafungwa kama duka la saa kumi na mbili. Akaenda kuosha vyombo.

Nikaanza kushuku. Huyu ni mwanamke anayefungua mashavu ya samaki na kuyanusa kabla ya kuuliza bei. Viatu vyangu vya shule huvikunja soli mara mbili dukani mpaka mwenye duka anakohoa. Mtu wa namna hiyo, akiwa na mlima mbele yake kila asubuhi, kwa nini ang'ang'anie injini dhaifu kuliko zote? Mimi nilishasoma kwenye simu, bando zima la wiki likaishia huko. Elfu moja ni ya mjini, ya kwenda sokoni na kurudi. Elfu moja mia tano ina nguvu, lakini inakunywa. Kwa mtu mmoja, safari ndefu na kilima mwishoni, watu wengi walikuwa wakisema elfu moja mia tatu. Nilimwambia. Akaniambia nisome pia biolojia.

Gari la kwanza lililetwa na mjomba, pamoja na dalali wake.

Lilikuwa jeupe, la CC elfu moja mia tano, linang'aa kama meno ya bandia. Dalali alikuwa na viatu vilivyochongoka na alimwita mama "mathe" kabla hajakaribishwa.

"Hii gari, mathe, ilikuwa ya mwalimu. Mwanamke. Alikuwa anaenda nayo kanisani tu."

Nimesikiliza madalali wengi tangu siku hiyo, na kila gari lililouzwa Kisumu lilikuwa la mwalimu mwanamke anayekwenda kanisani tu. Sijui hao walimu walikuwa wakifika shuleni vipi.

Nikaingia ndani. Kulikuwa na manukato matatu yananing'inia: mti mmoja wa karatasi, chupa moja, na kitu kama nanasi. Gari lenye manukato matatu ni kama mwanafunzi anayeingia darasani akitafuna peremende tatu. Mwalimu yeyote anajua kuna kitu kinafunikwa. Nikavuta mkanda wa kiti.

"Kijana, wachana na mkanda, utauharibu," dalali akasema.

"Nataka kuona kama unanitosha."

"Wewe ni mwembamba, umekutosha zamani!"

Nikaendelea kuvuta mpaka mwisho kabisa. Hilo nilijifunza kwa video, kwenye kompyuta za shule, wakati nilipopaswa kuwa natazama seli zikigawanyika. Watu huosha viti, huosha zulia, lakini mkanda hawauvuti mpaka mwisho. Sehemu ya juu ilikuwa nyeusi safi. Karibu na mwisho kulikuwa na mstari wa kahawia umekata mkanda sawasawa, kama ule unaobaki kwenye kikombe cha chai ulichokisahau.

Nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikainua zulia, nikatoa tairi la akiba. Dalali akaanza kuongea haraka kuhusu redio. Pale chini ya tairi kulikuwa na udongo mweusi umekauka na kupasuka vipande vipande. Mtu wa Kisumu hahitaji kuambiwa udongo huo unatoka wapi. Mto Nyando ukifurika, Kano yote inakunywa, na kilichoegeshwa pia kinakunywa. Katikati ya udongo kulikuwa na gamba la konokono.

Nikaliinua kwa vidole viwili.

"Boss, huyo mwalimu alikuwa anafundisha konokono?"

"Hiyo... hiyo iliingia siku ya kuoshwa."

"Ikapita wapi mpaka chini ya tairi? Ilikuwa na ufunguo?"

Mama alichukua lile gamba, akalitazama, kisha akamtazama ndugu yake. "Ulijua?"

"Yawa, dada! Nitajuaje kitu kiko chini ya tairi? Mimi ni konokono?"

Mjomba akasema amsindikize dalali mpaka barabarani. Barabara iko hatua mia moja hivi kutoka kwetu. Alirudi baada ya saa moja na nusu akichokonoa meno, amekula samaki mzima. Kama alikuwa samaki wa pole au samaki wa shukrani, mpaka leo sijui, naye hajawahi kusema.

Zilibaki siku kumi na mbili shule zifunguliwe. Sanduku lilikuwa pale pale.

Gari la pili mama alilipata mwenyewe, na hapo ndipo aliponitia wasiwasi zaidi kuliko dalali. Lilikuwa la muuguzi mwenzake, jekundu, CC elfu moja, safi kweli. Nilivuta mikanda yote, nikalala chini, nikanusa zulia mpaka nikapiga chafya. Hakukuwa na kitu. Mama alilizunguka akilipapasa kama mtoto aliyepona surua.

"Hili ndilo," akasema.

"Tulipime kwanza."

"Tumeshaliendesha mpaka Kondele."

"Kondele ni tambarare, mama. Kazi yako iko mlimani."

Mwenzake alikubali tukae nalo siku nzima. Nikamwongoza mama mpaka ufukweni, pale magari yanapooshwa. Madereva huingiza magurudumu ya mbele ziwani kabisa, na waoshaji husimama na maji magotini, ndoo mkononi. Kuna mwoshaji mmoja ninayemfahamu, mtu mzima wa kutoka Obunga, mwenye buti za mpira zisizolingana rangi. Kazi yake ni kulala chini ya magari ya watu, kwa hivyo anayajua kwa upande ambao wenyewe hawajawahi kuuona.

"Nataka mitungi kumi na miwili," nikamwambia. "Ile ya lita ishirini. Ijazwe."

"Unafungua kioski?"

"Nabeba mashangazi."

Nikamweleza hesabu yangu. Shangazi mkubwa, dada ya baba, nilimkadiria mitungi minne, bila mkoba. Mitungi kumi na miwili ni mashangazi watatu, wametulia, hawaulizi nimekuwa wa ngapi darasani. Mwoshaji alicheka mpaka ndoo ikamponyoka, lakini alijaza. Tulipanga mitungi saba kwenye kiti cha nyuma na mitano kwenye buti. Gari likakaa chini kama kuku anayetaga.

Mama alisimama amekunja mikono. "Mashangazi wa nini? Mimi nitakuwa peke yangu."

"Ni jaribio tu."

"Ni jaribio la nani?" Akaingia na kuwasha injini.

Tukapita Kondele, tukapita Mamboleo, tukaanza kuupanda mlima wa Riat kwenye barabara ya Kakamega. Mwanzoni mama alikuwa anaimba. Kisha akaacha. Akaweka gia ya pili. Akaweka ya kwanza. Injini ililia kwa sauti nyembamba, mitungi nyuma ikawa inanong'ona, blub, blub, kama kweli ni mashangazi. Bodaboda iliyobeba sofa la watu wawili ilitupita, na dereva wake akatupungia mkono kwa huruma. Halafu nikaona mshale wa joto. Ulikuwa umeacha katikati na unatembea kuelekea kwenye alama nyekundu, bila haraka, kama mtu anayejua anakokwenda.

"Mama, simama."

"Bado kidogo."

"Mama!"

Akatoka barabarani. Tukainua boneti, mvuke ukatoka. Hakuna aliyethubutu kugusa kifuniko cha rejeta. Tulikaa kando juu ya mawe kungoja ipoe. Nadhani sisi ndio watu pekee waliowahi kuchemka Riat wakiwa wamebeba lita mia mbili na arobaini za maji. Nilimwambia mama hivyo. Kwa kawaida angecheka.

"Ulijua haitapanda," nikasema. "Tangu mwanzo ulijua."

Alikuwa akiangalia ziwa kule chini, na mji umejikunja kandokando yake.

"Nikiwa peke yangu itapanda."

"Lakini kwa nini hii? Hata mimi wa biolojia naona kuna kitu."

Akavua kiatu kimoja, akakung'uta changarawe. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kawaida, si ile ya sindano, "Tulipompeleka baba yako nyumbani kuzikwa, magari yalikuwa tisa. Yote yalijaa watu wakubwa. Mimi, mjane, nilikaa nyuma ya pikapu pamoja na vyuma vya hema. Wewe ulikuwa umetangulia na nyanya yako, hukuona. Sasa watu wamesikia natafuta gari. Wale wale. Wiki hii wamenipigia wanne. Hawaniulizi kazi mpya iko wapi. Wananiuliza viti ni vingapi."

Sikuwa na mzaha wa kuweka hapo. Niliutafuta, nikaukosa.

"Mimi siwezi kudanganya, unanijua," akaendelea. "Nikiwa na gari kubwa, wakiniita, nitasema nini? Nikiwa na elfu moja nitasema haipandi na watu wengi. Na itakuwa kweli. Hata Mungu akisikiliza, haipandi. Nilitaka gari liseme hapana kwa niaba yangu."

Sasa nilikuwa nimeupata ukweli niliokuwa nikiutafuta kwa wiki mbili, na sikujua niuweke wapi. Magari yalipita yakipanda. Ndipo likaja swali ambalo sikulipanga, na ambalo si la mtu wa sifa zangu.

"Na wakikuletea mama mjamzito pale kituoni, amezidiwa, na ambulensi haipo? Pamoja na mumewe, na mama mkwe, maana mama mkwe lazima awepo. Hapo pia utasema haipandi?"

Mama alivaa kiatu chake. Tukamwaga mitungi kumi kando ya barabara, miwili tukaibakiza kwa ajili ya rejeta, na tukashuka Riat. Tulipofika chini akasema, kama mtu anayesoma dawa kwenye kadi, "Elfu moja mia tatu. Isizidi hapo."

Zilibaki siku saba. Yule mwoshaji wa ufukweni ndiye aliyetupatia gari la tatu.

"Kuna gari moja huja hapa kila Jumamosi," akasema. "Ya kijivu. Mwenyewe hukataa niiingize ziwani. Husimama pale na mwavuli kuhakikisha simwagi maji kwa injini. Mwaka wa tano huu, sijaona tone la mafuta chini yake. Anauza, lakini anawafukuza wanunuzi."

"Anawafukuza kwa nini?"

"Hawaamini."

Nilimpenda kabla sijamwona. Alikuwa mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, mjane kama mama, watoto wake wamehamia ng'ambo na macho yake yameanza kukataa kuendesha. Alitupokea nje ya duka, mwavuli ukiwa umefungwa, na Kidholuo chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alininyooshea mwavuli na kumuuliza mama, "Ma nyathini?" Huyu ni mtoto wako? Mama alikiri.

"Ataendesha?"

"Hapana," mama akasema.

"Anaonekana kama ataendesha."

"Hata leseni hana."

"Wasio na leseni ndio huendesha."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushukiwa na mtaalamu. Nikaanza kuvuta mikanda. Naye akanisimamia na kuniambia nimesahau wa katikati. Nikainua tairi la akiba. Chini yake kulikuwa na gazeti limekunjwa, kavu kabisa. Kisha akatoa kalenda za ukutani zilizokunjwa kama mikeka, za miaka kumi na mmoja, kila siku ya kubadilisha oili imezungushiwa duara. Nikazikagua moja moja kuona kama wino ni ule ule, maana mtu anaweza kuzungusha duara zote kwa asubuhi moja. Wino ulikuwa tofauti. Mwaka mmoja alitumia penseli ya macho.

"Na huu mlango umebonyea," akasema, kabla sijauona. "Niligonga lango la hekalu. Kosa langu, lango lilikuwa limesimama."

Hapo nilishtuka. Muuzaji anayetaja kasoro mwenyewe! Nikalala tena chini ya gari dakika kumi nzima nikitafuta ile kubwa anayoificha kwa kutoa hii ndogo. Nilipotoka nilikuwa na grisi masikioni na sikuwa na kitu.

Alikataa tuliendeshe bila yeye. Akaketi nyuma, mkoba magotini, na tukashika barabara ya Ahero, tukapita Awasi, tukakunja kuelekea Muhoroni. Mara tukalikuta: trekta la miwa, trela mbili, miwa imetoka pembeni kama nywele za mtu aliyeamka vibaya. Mama alilifuata. Aliweka taa ya kulia, akaizima. Akaweka tena.

"Mbele hakuna gari," yule mama wa nyuma akasema. "Unangoja ikaushe miwa?"

Mama akashuka gia moja, akakanyaga. Lile gari halikuruka, tusidanganyane. Lilijikusanya kwanza, kama mzee anayeinuka kwenye stuli, halafu likaenda, trela ya pili, trela ya kwanza, gurudumu kubwa la trekta likiwa sawa na dirisha langu, na dereva wa trekta akatutazama chini akitafuna muwa. Tukapita. Mshale wa joto ulibaki katikati umelala. Ule mlima wa baada ya Muhoroni tuliupanda mpaka kwenye lango la kituo cha afya, watu watatu na mkoba ambao kwa makadirio yangu ulikuwa mitungi miwili.

Mama na mwenye gari walielewana bei palepale langoni, kwa Kidholuo, haraka, na sikuelewa yote. Nilielewa tu kwamba kila Jumamosi gari litapitishwa dukani alitazame.

Siku shule zilipofunguliwa nilikaa karibu na dirisha langu. Sanduku la bati liliingia kwenye buti ya gari; ndani yake tukaweka jeki, kamba na mtungi wa maji. Ufunguo wa kufuli anao mama. "Ukileta matokeo mabaya," aliniambia, "jeki itatoka na wewe utaingia."

Lakini kulikuwa na jambo moja. Nyuma ya gari, upande wa kulia, kulikuwa na nembo ya chuma: 1.3. Mtu yeyote anayejua kusoma angejua si elfu moja. Mama hakuniagiza kitu. Aliitazama tu kwa muda mrefu, akasema, "Haya," na akaingia ndani. Nikaenda kutafuta nailoni ya wavuvi, nikaipitisha nyuma ya nembo na kuivuta kushoto kulia, kushoto kulia, kama kukata sabuni ya mche, mpaka ikang'oka. Nilikuwa najisifu bado nilipoona kosa langu. Rangi ya gari ilikuwa imepauka kwa jua la miaka yote hiyo, isipokuwa chini ya nembo. 1.3 ilikuwa pale, nyeusi kuliko mwanzo, na sasa hata huwezi kuing'oa. Nikabandika juu yake stika ya kwaya ya kanisa.

Jumapili ya pili shangazi akaja. Yule wa mitungi minne. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke, wa kweli, asiyewahi kuwa na gari lolote. Alilizunguka lile gari polepole, mikono nyuma, kama anakagua mabweni.

"Ni CC ngapi?"

Mama akaangalia dirisha la jirani. Nikajitosa. "Elfu moja, shangazi. Hata tuta haipandi."

"Mm. Na hii stika imepinda kwa nini?"

Akainama na kuikwaruza kona yake kwa ukucha. Ikabanduka yote, ikamfuata kidoleni. Akasoma kilichokuwa chini, midomo ikisogea.

"Siku hizi elfu moja inaandikwa hivi?"

Niliwahi kukamatwa na walimu wengi, lakini huyo alikuwa mkuu wao wote. Mama akafungua mdomo. "Wifi..."

"Hata mimi ningeficha," shangazi akasema. Akaibandika stika kwenye shati langu, akaipigapiga. "Unadhani nimesahau? Siku ile tulienda na hema. Wewe umebeba begi la nguo za marehemu, mimi nimeshika ile nguzo ndefu isikugonge kichwa. Mabega yaliniuma wiki mbili."

Nikamgeukia mama. Kule Riat hakuniambia kulikuwa na mtu mwingine kwenye pikapu. Hakuwa amedanganya. Alikuwa tu ameacha mtu mmoja nje ya habari, na alijua kwamba nimeliona hilo.

"Mimi sikuja kuomba lifti," shangazi akasema. "Nilikuja kuona gari." Akanywa chai yake, akachukua mkoba, akaaga kwenda stendi. Mama alimtazama mpaka alipofika kwenye lango, kisha akanyakua ufunguo mezani.

"Wifi. Panda mbele."

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na mazishi nyumbani, kama kawaida. Simu zililia tangu asubuhi. Mama alijibu zote, na kila mmoja alimwambia kweli tupu: gari lipo, linapanda, lakini nafasi imekwisha. Shangazi mbele, mimi nyuma na sufuria zake. Mkoba wake ukakataa kuingia kwenye buti, kwa hiyo mama akaniamuru nitoe lile sanduku. Nikaweka jeki na kamba chini ya kiti, mtungi miguuni pangu, nikalirudisha sanduku juu ya kabati, tupu, mdomo wazi, kufuli ikining'inia.

Tuliporudi Jumapili, mama aliingiza jeki na kamba kwenye gunia, na gunia ndilo likakaa kwenye buti. Sanduku hakuligusa. Nilimuuliza kwa nini.

"Gunia linatosha," akasema, kwa ile sauti yake ya sindano. "Angalia dirishani, naona kama kuna mtu anakuita."